Roshani ya Kibokoni

Kila mwaka, siku mbili kabla ya Idi,
nilinunua mkebe wa rangi ya kijani
nikaipaka roshani yetu mpaka ikang'aa,
na majirani wakasema: nyumba ya kina Bashora hiyo, haizeeki.
Rangi husema uongo kwa adabu.

Mwaka huu brashi ilizama.
Si ndani ya mkebe. Ndani ya ubao.

Nikamwita Kahindi, fundi wa Kaloleni,
bisibisi ndefu mfukoni, penseli sikioni, maneno haba.
Hakuitazama rangi. Alipiga magoti
akabisha hodi mbao moja moja kwa kifundo cha kidole,
kama mgeni asiyejua wenyewe wamo au wamehama.
Ubao wa kwanza ukajibu: ko.
Wa pili: ko.
Wa tatu ukaimeza sauti.
Akauchoma bisibisi, ikaingia kama kisu kwenye papai
hadi mpinini.
"Huu," akasema, "umebaki jina."

Nikajitetea. Ni ubao mmoja tu, fundi,
tia kiraka, tia gundi, nami nitapaka mara mbili.
Akanionyesha unga wa fukusi uliomwagika pembeni,
laini, kama wa mkate wa mofa.
Akachomoa msumari kwa vidole viwili
ukatoka kama jino la mtoto, bila kugombana.
Akamwaga kikombe cha maji, yakatuama palepale
yalipotuama masika iliyopita, na ile ya nyuma yake.
"Ubao ukioza, unatoa ubao.
Lakini hii..."
akainama nje, akaishika boriti inayotoka ukutani,
ikamwachia kiganjani nyuzinyuzi na harufu ya uyoga,
"hii ikioza huna roshani tena.
Una deni na wapita njia."

Na chini yetu, wima kabisa,
Bi Kauthar alikuwa akipanga karai lake la viazi,
na watoto wa chuo wakisukumana kwenye kivuli chetu.

Mama alisimama mlangoni, leso kiunoni, kimya.
Miaka thelathini ameteremsha kikapu kwa kamba kutoka hapo:
kimeshuka na sarafu, kimepanda na mbaazi,
na siku moja kimepanda na dawa za baba, tukiwa tumechelewa.
Nilikwisha kumwandalia maneno laini.
Kahindi akanitangulia.
"Nani hukaa hapa?"

Kidole chake kilikuwa sakafuni. Mashimo manne madogo,
miguu ya kigoda, karibu na ukingo, yamejaa rangi ya zamani.
Shubiri moja nyuma yake, manne mengine.
Shubiri nyingine, manne.
Ya mwisho yalikuwa kizingitini, mapya, hayajaguswa na brashi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka ule wa mvua kubwa.
Ubao ulilia chini yangu alfajiri moja, nikasogea.
Wewe ulikuwa na furaha na kijani chako.
Sikutaka kukuvunjia Idi."

Mvule ni ghali. Twaha alituma nusu kutoka Jeddah,
nusu ya pili ilikuwa friji ya baridi kali tuliyoitumia kuuzia barafu.
Kahindi alileta mtaimbo na hakuuhitaji sana;
boriti mbili zilivunjika kwa mkono.
Nikaokota kipande cha ubao, kwenye mvunjiko wake
nikahesabu matabaka ya kijani: kumi na moja.
Idi zangu zote, zimeshikana vizuri,
zimeshikilia hewa.

Sasa roshani ni mbao tupu, haina rangi, inanukia msumeno.
Kahindi aliirukia mara tatu, akapanguza mikono, akaondoka.
Mama akatoa kigoda, akakiweka kizingitini.
"Mbona hapo? Ni mpya!"
"Niache kwanza. Tujuane."

Ijumaa asubuhi, kwenye vumbi la mbao nisilolifagia bado,
nilikuta alama nne,
shubiri moja mbele.